Nikikanyaga breki gari inakimbilia kulia: Fundi anajibu wasomaji wa Tanga

SWALI: Shikamoo Fundi. Mi nipo Ngamiani hapa Tanga, marehemu baba kaniachia Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1972, dramu kote, mbele na nyuma, na siiuzi hata wakija na hela gani maana ndo gari iliyonipeleka shule. Sasa shida ni breki. Nikikanyaga kidogo inatulia, nikikanyaga kwa nguvu stelingi inataka kunitoka mkononi gari inakimbilia kulia, juzi njia ya Pongwe nusura niingie upande wa lori. Nilipeleka gereji fundi akafungua tairi ya mbele kulia akasema shuu zimeisha akaweka mpya, kushoto nati iligoma kabisa akasema tutafungua siku nyingine kwanza huku bado pazima. Baada ya hapo ndo ikazidi. Nimefanya wili alaimenti mara mbili, hela imeenda, hamna kitu. Halafu sijui kama inahusu lakini toka siku ile mshale wa spidi hausogei tena. Wananiambia nibadilishe masta silinda, nibadilishe?
(Msomaji, Ngamiani)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole ya mzee. Kabla ya yote iegeshe hiyo gari, usiitoe hata kwenda sokoni, maana Tanga yetu hii ni baiskeli na bodaboda kila kona na gari inayoruka kulia kwako wewe inaruka kwenye njia ya mwenzio.

Masta silinda usinunue. Gari yako ya mwaka huo masta yake ina vyumba viwili, kimoja kinasukuma mafuta ya breki kwenda tairi za mbele na kimoja za nyuma, kwa hiyo tairi zako mbili za mbele zinakula sahani moja. Masta ikichoka utaona pedali inazama au inakuwa ndefu, gari haisimami vizuri, lakini haina uwezo wa kupendelea kulia ikanyima kushoto. Upendeleo unaanzia bomba likishagawanyika kwenda kila tairi. Na wili alaimenti nayo kazi yake ni gari inayovuta muda wote, hata mguu ukiwa mbali na breki. Yako inaenda nyooko mpaka ukanyage, kwa hiyo hela ile ilienda kutibu mguu usiouma.

Sasa sikiliza, hili ndo la kushika: gari inakimbilia upande ambao breki inashika. Ikienda kulia, basi ama kulia inashika kupita kiasi ama kushoto haishiki. Wewe kulia umewekewa shuu mpya, zile zinazobana dramu kutoka ndani, kushoto hakujafunguliwa tangu sijui lini, na ilipowekwa shuu mpya upande mmoja ndo ikazidi. Barua yako yenyewe imeshajijibu. Ugonjwa upo kushoto kwenye tairi ambayo hakuna aliyeitazama, na hata kama kushoto kungekuwa kuzima, shuu za breki hazibadilishwi upande mmoja, ni tairi mbili za mbele kwa pamoja au tairi zote nne, hakuna katikati. Hili mi huwa nalisema mpaka sauti inakauka kwa sababu watu wanaumia.

Na ile nati haikugoma bure. Beetle tairi ya mbele kushoto uzi wake ni wa kinyume, unafungua kwa kuzungusha kufuata mshale wa saa, upande ambao nati zingine zote unakazia. Walifanya hivo kwa sababu tairi ya kushoto gari ikienda mbele inazunguka kinyume na saa, nati ya kawaida ingeweza kuburuzwa na beringi ikalegea yenyewe njiani. Asiyejua anaweka bomba refu kwenye spana anavuta kumbe anakaza zaidi, akiendelea anaua uzi na spindo yenyewe, ule mhimili tairi inapozungukia. Kisha kwa miaka ya gari yako nati ile ni ya kubana, ina boliti ndogo ya kufunguliwa na spana ya L ya pembe sita, hiyo ilegezwe kwanza ndo nati nzima inazunguka kwa ulaini.

Na mshale wa spidi unahusu sana. Waya wa spidi ya Beetle unapita katikati ya spindo ya mbele kushoto, ncha yake ya mraba inatokeza kwenye kile kifuniko cha beringi na kushikwa na kipini kidogo sana, yaani tairi ile ndo inayozungusha mshale. Fundi wako aling'oa kifuniko bila kutoa kipini, au alirudisha kifuniko bila kipini, ndo maana mshale umelala. Tazama kama tundu la mraba kwenye kifuniko limeliwa. Kama bado zima, rudisha ncha na kipini kipya, mshale utaamka.

Haya tuingie kazini. Weka gari mahali pa sakafu ngumu, siyo kwenye mchanga, ziba tairi za nyuma kwa magogo mbele na nyuma, piga jeki kisha weka stendi za chuma pande zote mbili za mbele. Tofali usiliamini, tofali linapasuka bila kuaga. Ukitoa dramu usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, lainingi za zamani (lile tabaka la shuu linalosuguana na dramu) nyingi zilitengenezwa na asbesto na lile vumbi likiingia kifuani halitoki. Lowesha kitambaa kwa maji, futa taratibu, kitambaa kitupe.

Fungua kushoto NA kulia. Weka dramu mbili chini, shuu mbilimbili mbele yako kwenye gunia, uanze kulinganisha kama mama anayelinganisha viatu vya mtoto. Mi nilifundishwa hivi kwenye karakana ya shamba la mkonge, mzee aliyenifundisha alikuwa haruhusu ufunge tairi moja mpaka amepita yeye kuangalia jozi, na nashukuru mpaka leo.

Upande wa kushoto nategemea utakuta moja kati ya haya. La kwanza ni wili silinda, ile silinda ndogo inayosukuma shuu kwenye tairi, imeganda. Huku kwetu na upepo wa bahari, gari ikikaa muda unyevu unaingia chini ya ule mpira, pistoni inashika kutu ndani ya silinda, moja inatoka na ya pili haitoki au zote hazitoki. Kuijua, rudisha dramu ya kulia ili pistoni za huko zisiruke nje, mtu akanyage pedali kidogo sana, polepole, wewe unatazama shuu za kushoto. Zikitulia tuli, umempata mchawi. Vuta ule mpira pia, ukikuta majimaji ndani basi inavuja. Silinda yenye vishimo vya kutu usiisugue na msasa na kuweka mipira mipya, itakaa wiki itavuja, weka mpya na kulia weka mpya hivohivo.

La pili ni hosi ya mpira. Hii inawasumbua mafundi wengi kwa sababu kwa nje hosi inapendeza kabisa, ndani imevimba na tundu limebaki kama la sindano. Mafuta yanachelewa kufika kushoto, kulia imeshashika, ndo gari inaruka. Wakati mwingine ni kinyume, mafuta yanafika kwa nguvu ya mguu ila hayarudi, tairi inabaki imeshikwa na dramu inachemka. Kwa hiyo ukitoka kwenye mzunguko mfupi dondoshea tone la maji kwenye kila dramu, inayochemsha tone wakati mwenzake imepoa ujue imeganda. Lakini kwa gari ya mwaka 1972 kama hujui hosi zina umri gani, usijisumbue kuzichunguza, badilisha zote.

La tatu ni grisi au mafuta kwenye lainingi, sili ya beringi ya mbele ikikatika grisi inatiririka mpaka kwenye shuu. Mara nyingi inateleza, mara chache inashika kwa kushtuka. Lainingi iliyokunywa mafuta usiipikie petroli wala kuichoma moto kama baadhi ya vijana wanavyofanya, ile imeshakufa, badilisha sili na shuu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wengi hawalijui na ndo hasa linaharibu kazi nzuri: shuu kukaa sawa. Kwenye Beetle kila tairi ina adjasta mbili, ni skrubu zenye gurudumu la meno kama nyota, na kila skrubu kwenye kichwa ina mfereji ambapo ncha ya shuu inaingia. Ule mfereji haujakatwa flati, umekatwa kwa mlalo, na ncha ya shuu nayo ina mlalo wake. Ukifunga na ukauzungusha mfereji vibaya, shuu inakaa imeinuka upande, inagusa dramu kwa kona yake tu. Kwa macho kila kitu kimefungwa, springi zipo, hakuna kilichobaki mezani, lakini robo tatu ya lainingi haifanyi kazi. Basi kabla ya kurudisha dramu chuchumaa utazame kwa upande, shuu zote mbili zilale flati juu ya bakipleti, ile sahani ya chuma nyuma ya shuu, na mfereji ufuate mlalo wa shuu. Sehemu zile ambazo shuu inasuguana na bakipleti paka grisi kidogo sana ya kustahimili joto, kidogo kama wanja, isifike kwenye lainingi.

Baada ya hapo chukua chaki, hii ya shule, paka ndani ya dramu mzunguko mzima. Rudisha dramu, zungusha huku ukikanyaga kwa upole, toa tena uangalie chaki imeshika wapi kwenye lainingi. Ikishika katikati tu, dramu imepanuka kwa kuliwa na shuu mpya duara lake ni dogo, zinatakiwa zisagwe zilingane na dramu au uvumilie ziliane kwa safari ndefu za breki za upole, na muda huo wote bado itavuta kidogo. Ikishika pembeni tu, shuu imekaa kombo, rudi kwenye mfereji. Dramu ikiwa na makovu peleka kuskimu, ila zote mbili za mbele na zichongwe kipimo kimoja, ukichonga moja umejitengenezea ugonjwa uleule kwa hela yako mwenyewe. Na mwambie mchongaji apime kwanza, dramu iliyoliwa kupita kikomo haichongwi, inapasuka kwa joto.

Beringi za mbele zirekebishe kabla ya breki, siyo baada, maana dramu inakaa juu ya beringi, beringi ikicheza dramu nayo inayumba na breki haitulii hata ufanyeje. Kaza nati huku unazungusha dramu, halafu ilegeze mpaka ile washa iliyo nyuma ya nati iweze kusogezwa kwa ncha ya bisibisi kwa nguvu ya kidole tu, bila kukwangua. Hapo ndo ubane ile boliti ya L.

Ndo sasa unakuja kwenye kurekebisha. Gari yako vitundu viko nyuma kwenye bakipleti, viwili kila tairi, vina vifuniko vya mpira. Kanyaga pedali mara kadhaa kwanza shuu zijipange. Ingiza bisibisi flati, sukuma meno ya nyota mpaka tairi igande, kisha rudisha meno matatu au manne mpaka tairi izunguke huru ikiwa inakwaruza kwa mbali sana. Nenda nyota ya pili ufanye hivohivo, ila kumbuka nyota mbili za tairi moja zinazunguka kinyume, moja ukienda juu ya pili unaenda chini. Ukimaliza kanyaga tena, rudia, mara nyingi raundi ya kwanza inadanganya kwa sababu shuu bado zilikuwa hazijakaa. Kulia na kushoto mkwaruzo uwe mmoja kwa sikio lako. Na vile vifuniko vya mpira virudishe, visipokuwepo maji ya mvua na mchanga wa Raskazone vyote vinaingia ndani.

Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki, gari yetu ina stelingi kulia kwa hiyo masta iko kulia, unaanzia tairi iliyo mbali zaidi: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, unamalizia mbele kulia. Mafuta mapya ya chupa iliyofungwa, siyo yale yaliyokaa kwenye chupa ya maji dirishani mwa gereji. Tanki la mafuta ya breki usiliache likauke katikati ya kazi. Na kati ya fimbo ya pedali na pistoni ya masta lazima kubaki nafasi ya milimita 1, nafasi hiyo ikiisha mafuta hayarudi na breki zote zinajishika zenyewe ukiwa njiani.

Kabla hujaenda kujaribu pima upepo wa tairi. Hii gari injini iko nyuma, mbele ni nyepesi, tairi za radiali mbele inataka paundi 18 na nyuma 27, vijana wa shelli wanapiga 32 kote kote kwa mazoea na gari inakuwa inacheza kama ngalawa. Kujaribu nenda alfajiri barabara nyooko isiyo na watu, anza na mwendo wa 20, mikono ishike stelingi kwa wepesi, kanyaga taratibu, kisha 30, kisha 40. Ikiwa bado inavuta na una uhakika na kila nililolisema, kagua boljointi na vichwa vya stelingi upande wa kushoto, vikicheza gari inaweza kunyooka safarini na kugeuka kwenye breki tu. Lakini mi naamini utaishia kwenye wili silinda au hosi ya kushoto. Ukifungua niandikie ulichokikuta.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Peugeot 504 pikapu nabeba mboga na matunda toka Lushoto kushuka Mombo. Nikifika maeneo ya Soni kuna harufu ya kuungua na pedali inakuwa laini kama nakanyaga sponji, nikisimama nusu saa inarudi kawaida. Fundi mmoja kaniambia nitoe ile vavu ya nyuma kwenye eksili ndo inazuia breki. Nitoe?
(Mfanyabiashara, Lushoto)

JIBU: Usitoe, tafadhali sana. Ile vavu inapima mzigo, gari ikiwa tupu inapunguza nguvu ya breki za nyuma zisigande ukageuka, ikiwa na mzigo inaongeza. Ukiitoa utashuka salama na kabichi halafu siku ya kurudi tupu kwenye mvua, nyuma inakuja mbele.

Pedali kuwa sponji ikipata joto na kurudi ikipoa ni mafuta ya breki yanachemka. Mafuta haya yanavuta unyevu toka hewani, ndo asili yake. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205, yakishavuta maji yanashuka mpaka karibu 140. DOT 4 ni 230 mpya na 155 iliyochoka. Sasa ule mteremko wa Mombo na mzigo mgongoni unazifikia hizo nyuzi bila shida, mafuta yanakuwa mvuke, mvuke unabanwa kama puto. Mwaga yote, weka DOT 4, na ubadilishe kila baada ya miaka miwili hata kama yanaonekana masafi. Kagua pistoni za kalipa za mbele zinarudi, pedi isibaki inasugua disiki. Halafu endesha kwa gia, gia uliyopandia ndo ya kushukia, kanyaga breki kwa kishindo kifupi uachie ipoe, usiegemee mguu kilomita nzima.

SWALI: Land Rover 109 Series III, breki za mbele ni za silinda mbili kila tairi, zimefungwa mpya kabisa. Nikienda mbele zinashika vizuri ila nikirudi nyuma kwenye mlima kama hazipo. Zimefungwa vibaya?
(Dereva, Muheza)

JIBU: Hapana kaka, ndo zilivyo. Silinda mbili maana yake shuu zote mbili zinavutwa na dramu gari ikienda mbele, zinajikaza zenyewe, ndo maana zina nguvu. Ukirudi nyuma dramu inazisukuma zitoke, nguvu inapungua sana. Mlimani unaporudi tumia gia na usimwachie mtu asimame nyuma ya gari. Ingekuwa dhaifu kwenda mbele ndo ningekwambia kagua kama bakipleti ya kulia haikufungwa kushoto, hilo nimelikuta zaidi ya mara moja. Na unaporekebisha, kila shuu ina adjasta yake, zungusha tairi kwa uelekeo wa kwenda mbele tu.

SWALI: Fundi, gari ya mume wangu ya zamani imekaa miezi sita Pangani karibu na bahari, sasa haisogei, tairi za nyuma zimekataa. Tuivute na trekta?
(Mama wa Pangani)

JIBU: Msiivute dada yangu, lainingi itang'oka kwenye shuu ikabaki imebandika kwenye dramu. Hendibreki iliachwa imevutwa, shuu zimeshikana na dramu kwa kutu. Achia hendibreki, legeza nati za waya wake kule kwenye mkono mpaka waya ulegee, rudisha adjasta za shuu nyuma kabisa, kisha gongagonga dramu kuzunguka mdomo wake kwa nyundo ya mpira au kipande cha mti, bila kupiga chuma kwa chuma. Ikiachia, fungua usafishe kabla ya kuendesha hata hatua moja. Ikirudi kuegeshwa pale iwekwe kwenye gia na magogo, hendibreki ibaki chini.